Zawadi iliyokatwa vipande viwili: Renoir, Cézanne na wasia wa Caillebotte

Tarehe 3 Aprili 1876 Albert Wolff, mhakiki wa gazeti la Le Figaro mjini Paris, aliandika kumhusu mchoraji Mfaransa Auguste Renoir, kwamba mtu amfafanulie Bwana Renoir kuwa kiwiliwili cha mwanamke si fungu la nyama inayooza, lenye madoa ya kijani na zambarau kama ya maiti. Picha aliyokuwa akiisema ipo leo katika makumbusho ya Musée d'Orsay, na tusi hilo hunukuliwa karibu kila inapotajwa. Tusi limeitangaza picha vizuri. Lakini limetufanya tusahau kusoma karatasi zake, na humo ndimo kisa kilimo.

Kwanza picha yenyewe. Jina lake rasmi ni Étude. Torse, effet de soleil, yaani zoezi la kiwiliwili katika mwanga wa jua. Ni rangi za mafuta juu ya turubai, kimo sentimita 81, upana 65. Mwanamke kijana, uchi hadi kiunoni, nywele zimemwagika mabegani, amezungukwa na majani. Amevaa bangili na pete. Hakuna mto wala beseni, lakini wachambuzi wengi humweka katika ukoo wa waogaji ambao Renoir aliwachora tangu ujana hadi mwisho wa maisha yake. Hawajakosea: mkao ni uleule, na kitambaa kilichoshuka mapajani ni kilekile.

Madoa aliyoyaona Wolff yana sababu ya kawaida kabisa. Mtu akikaa chini ya mti wakati jua ni kali, hupigwa na mwanga wa namna tatu kwa pamoja. Kuna miale inayopenya matundu ya majani, hiyo ni myeupe inayoelekea njano. Kuna mwanga uliochujwa na majani yenyewe, huo ni wa kijani. Na kuna mwanga wa anga unaojaza vivuli, ambao ni wa buluu. Mchoraji aliyefunzwa kuchora ndani ya studio alikuwa akitia kivuli cha ngozi kwa rangi ya kahawia, na macho ya watazamaji wa 1876 yalishazoea kahawia hiyo kiasi cha kuiona ndiyo ukweli. Renoir aliacha kivuli kiwe cha buluu na zambarau kama alivyokiona. Kisha akachora mwili kwa mipigo laini inayoyeyukiana, na nyuma yake akapiga brashi ndefu, za haraka, zisizofuata umbo la jani lolote. Wolff aliona kweli kilichokuwapo kwenye turubai. Kosa lake lilikuwa katika kukisoma.

Tarehe nayo inafaa kuangaliwa. Maonyesho ya pili ya Waimpreshonisti, kundi la wachoraji la akina Renoir, katika nyumba ya dalali Durand-Ruel mtaa wa Le Peletier, yalifunguliwa mwishoni mwa Machi 1876. Mwezi huo miti ya Paris bado haijajaa majani. Basi ama kiangazi kilichomo ndani ya picha ni cha mwaka uliotangulia, ama kimetungwa studioni. Ndiyo maana wanaoweka tarehe kwa uangalifu huandika 1875–1876, hawaandiki 1876 peke yake.

Tuje kwenye karatasi. Historia ya umiliki wa picha hii ni fupi ajabu. Kutoka kwa mchoraji ilikwenda kwa rafiki yake Gustave Caillebotte. Kutoka kwa Caillebotte ilikwenda kwa serikali ya Ufaransa. Baada ya hapo ilibadilisha nyumba tu, zote makumbusho ya Paris: Musée du Luxembourg, Louvre mwaka 1929, Jeu de Paume mwaka 1947, Orsay mwaka 1986. Katika mlolongo huo hakuna dalali, hakuna mnada, hakuna bei. Kwa mchoro wa Renoir wenye jina kubwa namna hii, jambo hilo ni adimu, na lilitokana na hati moja ya kisheria.

Caillebotte alikuwa mchoraji pia, tena mzuri, na alirithi mali nyingi. Alinunua picha za wenzake wakati ambapo wengine walizicheka. Mnamo 3 Novemba 1876, akiwa na miaka 28, siku chache tu baada ya mdogo wake René kufariki, aliandika wasia. Picha zake ziende kwa serikali, lakini kwa sharti: zisitupwe darini wala zisipelekwe kwenye makumbusho ya mikoani, bali zitundikwe Luxembourg na baadaye Louvre. Akaongeza kwamba ikibidi kungoja, wangoje, kwa muda wa miaka hadi 20, mpaka watu wafikie, hakusema kuzielewa, bali kuzikubali. Alimteua Renoir awe wasii. Kwa kazi hiyo Renoir angejichagulia picha moja. Akachukua pasteli, yaani mchoro wa chaki za rangi, ya mchoraji mwenzao Degas, na baadaye akaiuza, jambo lililomchukiza Degas vibaya sana. Katika nyongeza ya 1889 Caillebotte alimfutia pia madeni yote.

Msomaji wa pwani atalitambua umbo la hati hii mara moja. Ni kama wakfu: mali inatolewa, mtoaji anaweka sharti, na sharti linatarajiwa kuishi kuliko yeye. Tofauti ni kwamba anayeweka wakfu huteua msimamizi aliye chini ya sharti lake, ilhali serikali ilikuwa na haki ya kukataa zawadi. Anayepewa akiwa na haki ya kukataa, sharti hugeuka kuwa mwanzo wa majadiliano.

Caillebotte alifariki 21 Februari 1894. Mwezi uliofuata Renoir alimwandikia Henry Roujon, mkurugenzi wa sanaa nzuri, kumjulisha juu ya wasia. Yaliyofuata husimuliwa hivi: wakubwa wajinga walizikataa picha za Waimpreshonisti. Ni simulizi tamu, na nusu yake ni kweli. Jean-Léon Gérôme, mwalimu wa chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts, alisema hadharani kwamba taifa linalopokea uchafu kama ule limeporomoka kimaadili. Lakini si Gérôme aliyekuwa na funguo. Waliokuwa nazo ni Roujon na Léonce Bénédite, mtunzaji wa Luxembourg, na nyaraka zinaonyesha watu wanaohangaika na kuta kuliko watu wanaochukia.

Luxembourg ilikuwa nyumba ndogo ya wasanii walio hai. Kanuni na nafasi havikuruhusu mchoraji mmoja kutundikwa picha kumi na kitu, na mkusanyiko wa Caillebotte ulikuwa na kazi zaidi ya 60. Sasa tazama mtego wenyewe. Bila lile sharti, serikali ingepokea zote, ikatundika zile zilizoenea na kuweka nyingine stoo au kuzipeleka Lyon na Grenoble, kama ilivyofanya na maelfu ya picha nyingine. Zote zingekuwa mali ya umma, na kizazi kilichofuata kingezitoa gizani. Sharti liliifunga njia hiyo. Kisichoweza kutundikwa Luxembourg hakikuweza kupokelewa kabisa. Kifungu alichokiandika Caillebotte ili kuzikinga picha na dari ndicho kilichokuja kuzitenganisha. Kwa maoni ya safu hii, hilo ndilo somo gumu la faili lote, na hupotea kila tunapomrudia Gérôme kwa sababu tu maneno yake yanachoma.

Martial Caillebotte, ndugu wa marehemu, na Renoir waliafiki hatimaye kwamba serikali ichague. Idhini rasmi ilitoka Februari 1896. Zilichukuliwa kazi 40: za Manet 2, Monet 8, Renoir 6, Sisley 6, Pissarro 7, Degas 7, Cézanne 2, pamoja na michoro 2 ya Millet. Ukikuta mahali pameandikwa 38, mwandishi ameiacha michoro ya Millet. Ukikuta idadi tofauti za mkusanyiko mzima, sababu ni ya namna hiyohiyo: wengine huhesabu michoro ya karatasi, wengine hawahesabu.

Ndani ya uchaguzi huo ndimo penye ushahidi wa ladha. Mwanamke wa Renoir, yuleyule wa nyama iliyooza, alipokelewa. Miaka 20 ilikuwa imepita na madoa ya zambarau yalishakuwa lugha ya kawaida. Za Cézanne zilipokelewa mbili, zote mandhari: ua wa shamba huko Auvers na ghuba ya Marseille ikionekana kutoka L'Estaque. Miongoni mwa zilizokataliwa ilikuwamo Baigneurs au repos, Waogaji Mapumzikoni, ya 1876–1877.

Picha hiyo inastahili kuwekwa kando ya ile ya Renoir, kwa sababu ni kama binamu yake aliyefukuzwa nyumbani. Nayo ni rangi za mafuta juu ya turubai, kubwa zaidi, takriban sentimita 82 kwa 101. Nayo ilionyeshwa na Waimpreshonisti, katika maonyesho ya tatu ya 1877, na watu wakaicheka. Wanaume wanne uchi wapo penye majani, kila mmoja na lake, hakuna anayemtazama mwenzake; nyuma yao umesimama mlima Sainte-Victoire. Rangi imepakwa juu ya rangi hadi imekuwa nene kama lipu, mawingu ni mazito kuliko mawe. Hapa hakuna mwanga unaocheza juu ya ngozi. Renoir alimvunja mwanamke wake kwa mwanga, lakini mwanamke akabaki mzuri, na kamati iliweza kumsamehe. Cézanne aliwajenga wanaume wake kama kuta na hakujali kama wanapendeza. Nadhani hilo ndilo lililoamua. Kama kipimo kingekuwa uchi, Renoir angekataliwa pia. Na kama kingekuwa jina la Cézanne, mandhari zake mbili zisingepita.

Ukumbi wa nyongeza ulifunguliwa Luxembourg mwanzoni mwa 1897, na Académie, taasisi rasmi ya sanaa, ikapeleka malalamiko rasmi. Katika miaka hiyohiyo dalali Ambroise Vollard alikuwa akichapisha litografia za wasanii, yaani picha zinazochapwa kutoka kwenye jiwe, na Cézanne akampa mpangilio uleule wa wanaume wanne. Picha iliyonyimwa ukuta wa taifa ikaanza kutembea mikononi mwa watu kwa nakala za karatasi.

Kosa ambalo uhaba wa kuta hauwezi kulitetea lilikuja baadaye. Picha zilizobaki zilitolewa tena kwa serikali mwaka 1904, kisha 1908, na mara zote mbili zikakataliwa. Cézanne alifariki 1906. Mwaka 1907 Paris ilimfanyia maonyesho makubwa ya kumbukumbu, na wachoraji vijana walikwenda huko kama watu waendao kuhiji. Mwaka uliofuata maonyesho hayo, kusema hapana hakukuwa tena suala la nafasi. Mnamo 1928 serikali ilizinduka na kuzidai, safari hii familia ndiyo iliyogoma. Waogaji Mapumzikoni waliishia kwa Albert Barnes wa Pennsylvania, daktari aliyetajirika kwa dawa ya kuua vijidudu iitwayo Argyrol na kuanzisha taasisi yake mwaka 1922.

Sasa, mtu anayetaka kuifuata nasaba ya mchoro kama hii anaanzia wapi? Huanzia nyuma ya picha. Kwenye fremu ya ndani inayobana turubai, na kwenye turubai lenyewe, hutafutwa muhuri wa duka lililouza turubai, namba ya stoo ya dalali iliyoandikwa kwa chaki au rangi, vibandiko vya maonyesho, mihuri ya forodha, na namba ya orodha ya makumbusho. Herufi RF kabla ya namba ni za Jamhuri ya Ufaransa. Picha ya Renoir ni RF 2740. Kisha kila alama hulinganishwa na karatasi: vitabu vya dalali, katalogi za mnada, katalogi za maonyesho, wasia.

Mambo huharibika katika sehemu zilezile kila siku. Turubai likizeeka hubandikwa turubai jipya mgongoni, na mihuri ya awali hufunikwa moja kwa moja. Fremu ya ndani ikibadilishwa, vibandiko huondoka nayo. Kibaya zaidi, mtu huvihamishia kwenye fremu mpya, na tangu hapo havithibitishi chochote. Majina hubadilika: picha yetu ilionyeshwa mwaka 1876 kwa jina la Étude tu, neno ambalo lingeweza kubandikwa kwenye nusu ya kazi za Renoir.

Na vipimo vinadanganya. Wachoraji wa Paris walinunua turubai zilizokwisha kutengenezwa kwa saizi zenye namba. Namba 25 ya taswira ya mtu ni sentimita 81 kwa 65; namba 25 ya mandhari ni 81 kwa 60; ya bahari, 81 kwa 54. Kwa hiyo ukikuta katika kitabu cha dalali “Renoir, muogaji, 81 × 65”, umepata saizi ya duka. Hujaipata picha. Renoir ana waogaji zaidi ya mmoja wanaoingia katika kipimo hicho.

Mfano mzuri ni Baigneuse blonde, mwanamke wa nywele za dhahabu. Wapo wawili. Mchoro wa 1881, uliotokana na safari ya Renoir kwenda Italia, una maandishi ya kumtunukia sonara Henri Vever, na kipimo chake ni kile cha namba 25. Wa pili ni wa 1882, unafanana nao sana, na sasa upo Pinacoteca Agnelli mjini Torino. Wa kwanza ulinunuliwa mwaka 1926 na Sterling Clark na mkewe Francine, upo katika taasisi yao Williamstown, Massachusetts. Wa pili uliwahi kumilikiwa na Kenneth Clark, mkurugenzi wa National Gallery ya London. Clark hawa wawili hawana udugu. Kwa hiyo mstari usemao “Renoir, Baigneuse blonde, mkusanyiko wa Clark” unaonekana kamili, kumbe unaweza kumpeleka mtafiti bara lisilo lake. Maandishi ya kumtunukia Vever ndiyo yanayookoa hapo, kwa kuwa mkono wa mchoraji uliyaweka mbele, mahali ambapo fundi wa turubai hafuniki.

Kuna pia adabu ya kusoma alama za uandishi. Makumbusho mengi, hasa ya Marekani, hutumia nukta-mkato kati ya wamiliki wawili kuonyesha kwamba picha ilitoka kwa mmoja hadi mwingine moja kwa moja, na nukta kuonyesha kuna pengo. Msomaji asiyejua hupita juu yake. Nukta ikiangukia kati ya 1933 na 1945, na picha ikiwa ilikuwa Ulaya, hapo ndipo kazi inapoanza. Kanuni za Washington za 1998, zilizokubaliwa na nchi 44, zinahusu miaka hiyohiyo: picha zilizoporwa na Wanazi.

Picha ya Renoir haina pengo hilo, maana tangu 1896 ilikuwa mali ya taifa. Lakini iligusa kivuli chake kwa njia nyingine. Jeu de Paume, ilikotundikwa mwaka 1947, ndilo jengo ambalo Wajerumani walilitumia kati ya 1940 na 1944 kukusanyia na kupangia picha zilizoporwa Ufaransa, huku Rose Valland, mfanyakazi wa makumbusho, akinakili kwa siri zilikopelekwa. Kuta zilezile, miaka mitatu tu baadaye, zikawa nyumba ya Waimpreshonisti.

Usidhani pia kwamba jina la serikali kwenye karatasi linasafisha kila kitu. Orsay hiyohiyo ilikuwa na mchoro wa Klimt, mchoraji wa Austria, Rosiers sous les arbres, ulionunuliwa na serikali mwaka 1980 kwa nia njema. Ikabainika kwamba Nora Stiasny wa Vienna alilazimika kuuachia mwaka 1938. Mali ya umma Ufaransa haiwezi kuondolewa kwa uamuzi wa mkurugenzi, hivyo ilibidi bunge litunge sheria, Februari 2022, ndipo mchoro urudi kwa warithi. Ukuta huohuo wa kisheria unaomkinga mwanamke wa Renoir asiuzwe ndio uliomchelewesha Klimt asirudi kwao.

Turudi kwa Barnes, maana naye aliandika masharti, makali kuliko ya Caillebotte. Picha zisiuzwe, zisiazimwe, zisisogezwe kutoka mahali alipozitundika katika jumba lake la Merion. Barnes alifariki 1951. Taasisi ilipoishiwa fedha, mahakama iliruhusu mwaka 2004 mkusanyiko uhamie katikati ya Philadelphia, na jengo jipya likafunguliwa 2012, vyumba vikiwa vimejengwa upya kwa mpangilio na vipimo vya vile vya zamani. Jaji alilinda mpangilio, akaachia mahali. Caillebotte alisema Luxembourg kisha Louvre. Barnes alisema Merion daima. Kila mmoja alipata sehemu.

Huko Orsay, kibao kando ya picha ya Renoir humtaja mtoaji na mwaka 1894. Huo ni mwaka wa kifo cha Caillebotte. Serikali ilikubali miaka miwili baadaye, na kibao hakisemi hivyo. Philadelphia hakuna kibao cha kusoma ukutani, kwani Barnes hakuvitaka: fremu ina jina la mchoraji tu. Anayesimama mbele ya wanaume wanne wa Cézanne, jina la Caillebotte hatalikuta popote ukutani, mpaka afungue orodha ya taasisi na kutafuta chini ya BF906.